Mashine ikigoma kusoma gari, usikimbilie kununua 'ubongo' mpya

MSOMAJI mpendwa, hebu jiweke katika viatu vya shemeji yangu. Ni mwezi wa Januari. Shule zinakaribia kufunguliwa, ndengu zimevunwa na ziko ndani ya magunia, na gari la kuzipeleka sokoni Matuu limeanza kukohoa. Fundi analitazama, anatikisa kichwa na kusema: "Mzee, kompyuta ya gari imekufa. Tafuta elfu 45."

Hivyo ndivyo nilivyomkuta nilipofika Kivaa, upande wa Masinga huko Machakos, Jumamosi moja adhuhuri. Alikuwa ameketi chini ya mwembe akikodolea macho mtamba wake mmoja. Sikuhitaji kuuliza alikuwa akiwaza nini. Mtamba huyo ndiye aliyekuwa karo ya kifungua mimba wake katika chuo cha ufundi.

"Kwani fundi alijuaje kwamba kompyuta imekufa?" nilimuuliza.

"Alichomeka mashine yake, ikakataa kuwaka," alijibu. "Akasema gari lisilosomeka ni gari lisilo na ubongo."

Naam, maneno hayo husikika katika gereji nyingi, si Kivaa pekee. Huenda nawe umewahi kuambiwa vivyo hivyo. Ndiyo maana leo ningependa tulizungumzie jambo hili kwa utulivu, kabla hujafungua pochi.

SOKETI ILIYO CHINI YA USUKANI

Ukiinama na kuchungulia chini ya usukani wa magari mengi ya siku hizi, utaona soketi yenye matundu 16, yaliyopangwa safu mbili za manane. Hapo ndipo fundi huchomeka mashine ya kusoma hitilafu. Kompyuta ya gari huweka kumbukumbu ya kila kasoro inayoigundua, na soketi hiyo ndiyo mdomo wake.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990 yalikuwa na kisanduku kidogo chini ya boneti. Fundi aliunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, kisha akahesabu jinsi taa ya injini ilivyopepesa kwenye dashibodi. Hakuhitaji mashine, macho yalitosha. Lakini kila kampuni ilikuwa na lugha yake, na fundi alilazimika kuzijua zote.

Marekani ndiyo iliyolazimisha soketi ya aina moja kwa magari yote madogo mapya, kuanzia yale ya mwaka wa 1996. Nchi za Muungano wa Ulaya zikafuata: magari ya petroli mwaka wa 2001, na ya dizeli mwaka wa 2004. Nasi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika Japani tulizipokea soketi hizo pamoja na magari yenyewe.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawaambiwi. Katika soketi hiyo, tundu la 16 huleta umeme kutoka kwa betri. Matundu ya 4 na 5 ni ya athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Mashine ndogo ya kusoma haina betri yake. Hula umeme wa tundu la 16. Umeme huo ukikatika, mashine itabaki giza hata kama kompyuta ya gari ni nzima kabisa.

MAITI HAIENDESHI INJINI

Kijana wa shemeji yangu, huyo wa chuo cha ufundi, alikuwa nyumbani. Alisikiliza mazungumzo yetu, kisha akauliza swali moja: "Baba, injini inawaka?"

"Inawaka, ila inakohoa ikipanda mlima."

"Basi kompyuta haijafa. Maiti haiendeshi injini."

Tulicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Katika gari la kisasa, kompyuta ndiyo inayoamua petroli iingie lini na cheche iruke lini. Ingekuwa imekufa, injini isingewaka asilani.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi: ni nani aliyegusa nyaya za gari hili mwisho? Hapo shemeji akakumbuka. Mnamo Novemba alikuwa amefungiwa alamu mjini kwa sababu ya wezi. Binti yake mdogo, aliyekuwa akicheza karibu, akadakia kwamba tangu siku ile taa ya ndani haiwaki mlango ukifunguliwa. Alikuwa amelisema mara nyingi na hakuna aliyemsikiliza. Nani angejali taa ndogo ya ndani?

Kumbe mtoto alikuwa ameushika ufunguo wa fumbo lote. Katika magari mengi, umeme wa tundu la 16 hupitia fyuzi moja na vitu vingine vidogo, kama vile taa ya ndani, redio au soketi ya kuwashia sigara. Taa na soketi zikizimika pamoja, hiyo si kompyuta. Ni fyuzi.

Kijana alifungua kisanduku cha fyuzi na kuipata ile ya taa ya ndani. Ilikuwa imeungua. Akaweka nyingine ya kiwango kile kile. Ikaungua papo hapo.

Msomaji, hapa ndipo watu huharibu magari. Wengine huchukua fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya, wakalazimisha umeme upite. Usithubutu! Fyuzi inayoungua mara mbili inakupigia kelele kwamba mahali fulani kuna shoti. Ukiinyamazisha, ule waya mwembamba ndio utakaoungua, na gari zima laweza kushika moto.

Badala yake, kijana aliondoa kifuniko cha chini ya usukani na kuufuata waya mwekundu wa alamu. Aliufuata kwa vidole, pole pole, hadi ulipoungana na waya wa gari. Aliyeufunga alikuwa amezisokota nyaya mbili kwa mkono na kuzizungushia tepu. Kwa joto la Kivaa, gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka na tepu kuteleza. Shaba ilibaki uchi, ikigusa chuma cha usukani.

Aliichomoa betri, akaziunga nyaya upya kwa kulehemu, akazivika mpira mzuri na kuzifunga mbali na chuma. Fyuzi ya tatu haikuungua. Mlango ulipofunguliwa, binti alipiga kelele: "Baba, taa imewaka!" Na kile kisoma hitilafu kidogo cha kijana, kinachozungumza na simu ya mkononi, kikawaka pia.

Hitilafu iliyoandikwa ilikuwa P0303, maana yake silinda ya tatu haichomi mafuta sawasawa. Kijana alihamisha koili ya silinda ya tatu hadi ya kwanza. Hitilafu ikahama nayo, ikawa P0301. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya koili. Jumatatu shemeji alinunua nyingine Matuu kwa sehemu ndogo tu ya zile elfu 45. Mtamba yupo hadi leo.

NAWE UFANYEJE?

Si kila gari litakuwa na ugonjwa huu. Lakini utaratibu wa kutafuta ni ule ule, nao unahitaji mita ya kupimia umeme tu, ambayo mwanafunzi yeyote wa fizikia anaijua.

Kwanza, tazama kama mashine inawaka. Isipowaka, tatizo ni umeme au athi. Pima kati ya tundu la 16 na la 4. Unapaswa kupata volti 12 hivi. Usipopata, weka ncha moja kwenye tundu la 16 na nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi. Ukipata volti 12 hapo, umeme unafika ila athi imekatika. Huenda aliyefunga redio alilegeza skrubu ya athi, au akaifunga juu ya rangi. Ukikosa umeme pande zote mbili, rudi kwenye fyuzi.

Pili, ikiwa mashine inawaka lakini inasema haiwezi kuwasiliana na gari, basi tazama nyaya za mawasiliano. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni, hizo ziko kwenye matundu ya 6 na 14. Chomoa betri, subiri kidogo, kisha pima ukinzani kati yake. Gari zima kwa kawaida huonyesha omu 60 hivi. Ukipata 120, huenda upande mmoja umekatika. Ukipata karibu na sifuri, nyaya hizo mbili zinagusana. Gari likiwa la zamani kidogo, huenda linatumia tundu la 7, na vipimo hivyo havitakufaa.

Tatu, chomoa vifaa vilivyoongezwa, kimoja kimoja: alamu, redio, kifaa cha kufuatilia gari. Jaribu mashine kila unapochomoa kimoja. Nyaya za mawasiliano husokotwa pamoja kiwandani ili kuzuia makelele ya umeme, na kifaa kilichodandia nyaya hizo chaweza kunyamazisha gari zima.

Kuna mambo ya kuepuka pia. Usitumie taa ya kupimia yenye balbu kwenye nyaya za kompyuta, kwani huvuta umeme mwingi kuliko nyaya hizo zinavyostahimili. Usiingize misumari kwenye matundu ya soketi. Yakipanuka hayatashika tena. Na nyaya zilizovikwa rangi ya manjano chini ya usukani aghalabu ni za mifuko ya hewa. Hizo waachie wenye ujuzi.

Zaidi ya yote, ukifunga kitu kipya garini, mwambie fundi akuonyeshe ni waya gani aliogusa na fyuzi gani aliyotumia. Andika kwenye karatasi na uihifadhi pamoja na kitabu cha gari. Kabla ya kuondoka, washa kila taa, piga honi, na hakikisha mashine ya kusoma inawaka. Ni kazi ya dakika 10.

Na mtoto akikuambia taa ya ndani haiwaki, msikilize. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Shemeji yangu alibakiza kidogo tu auze mtamba kwa ajili ya ukuta ambao haukuwapo.