Kidonda Kikubwa: Damu Inajitetea Namna Gani?

Tangu mwezi wa kumi 2014 watu wengi wa Beni wamekatwa na mapanga, tena barabarani pikipiki zinaumiza watu kila mara. Wengi wanauliza: kwa nini mutu anafika hospitali akisema, kisha anakufa? Tutazame kazi ya damu.

Mutu mkubwa ana litri 5 hivi za damu. Mshipa ukikatika, unajikaza. Plakete, vipande vidogo sana vya damu, zinakimbilia pale na kushikamana. Kisha nyuzi zinazoitwa fibrini zinazifunga sawa wavu, na damu inaganda. Kwa kidonda kidogo, kazi imekwisha.

Kwa kidonda kikubwa mambo yanageuka. Damu ikipungua sana, mwili unaweza kuyeyusha zile nyuzi mbio kupita kiasi. Baridi nayo inazuia damu kuganda. Basi inatoka bila kukoma.

Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili. Karibu kila aina ya chembe zetu iko na mitokondria ndani, na asili yao ya zamani sana ni bakteria. Nyama ikipondwa, zinamwangika ndani ya damu. Askari wanafikiri adui ameingia, wanapiga vita mwili mzima, hata mapafu na figo zinaumia. Kisha nguvu yao inapunguka, na mikrobe za kweli zinapata njia. Ndiyo maana mwingine anakufa kisha siku nyingi, hali damu ilikwisha kukoma.

Dawa iko: asidi traneksamiki, iliyovumbuliwa Japani na Utako Okamoto na mume wake. Inazuia nyuzi kuyeyuka. Uchunguzi wa mwaka 2010 juu ya wagonjwa zaidi ya 20.000 ulionyesha inapunguza vifo. Lakini ikitolewa kisha masaa 3, haisaidii tena, inaweza hata kuumiza.

Kwa hiyo tushike haya:

1. Finya kidonda kwa nguvu na kitambaa safi, usifunue-funue kutazama.
2. Funika mgonjwa na kikwembe ao blanketi. Butembo ni baridi.
3. Mpeleke hospitali mbio. Yale masaa 3 yanahesabiwa tangu kuumia, si tangu kufika kwa munganga.
4. Mwenye miaka 18 na afya njema anaweza kutoa damu. Hiyo haiuzwi katika famasi. Inatoka kwa mutu tu.