Somo la santuri kwa mkulima wa Uluguru

MKULIMA wa Matombo au Kinole, kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru, anajua uchungu wa kuuza karafuu na mdalasini kwa bei anayopanga mnunuzi. Jasho ni lake, lakini upangaji wa madaraja, ufungashaji na jina kwenye pakiti ni vya wengine. Huko ndiko sehemu kubwa ya faida inakobaki.

Muziki wa Morogoro nao ulipita njia hiyo. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, akiwa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, zilipendwa Afrika Mashariki nzima. Hata hivyo, santuri zake zilichapwa Kenya, kwani Tanzania haikuwa na kiwanda cha kazi hiyo.

Mtu wa rika lake alijaribu njia nyingine ugenini. Lloyd Barnes, mzaliwa wa Kingston, Jamaica, alihamia New York, Marekani, mwaka 1967. Eneo la Bronx lilikuwa na Wajamaika wengi waliotamani muziki wa kwao. Barnes alianza kwa kupiga reggae kwenye sherehe kwa spika kubwa, kazi inayomfundisha mtu ladha ya wateja kabla hajatumia fedha kurekodi.

Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa na studio yake huko Bronx, kwa jina la Wackie's. Alirekodi, akachanganya sauti na kutoa santuri kwa lebo yake mwenyewe. Sugar Minott na Horace Andy ni miongoni mwa waliorekodi kwake.

Haikuwa kazi ya mteremko. Santuri zilitoka kwa idadi ndogo, na miaka ya 1980 studio hiyo ilifungwa. Lakini lebo ilibaki yake. Kuanzia mwaka 2001, Basic Channel ya Berlin, Ujerumani, ilizitoa upya kazi hizo. Jasho la zamani likaingia sokoni mara ya pili.

Mdalasini ukishauzwa haurudi kama wimbo. Kinachoweza kubaki kwa mkulima ni jina. Kikundi kinaweza kuanza na kilo chache: kukausha kwenye vichanja, kupanga madaraja, kufungasha na kuuza kwenye maduka ya mjini Morogoro kabla ya kufikiria Dar es Salaam. SIDO hutoa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, na alama ya ubora hutolewa na TBS.

Faida ya mwanzo itakuwa ndogo. Lakini mteja akirudi dukani, ataulizia pakiti ya kikundi, si mzigo wa dalali.