Sera ya Mkimbizi, Mkimbizi Yuko Wapi?

Wiki hii redioni niliuliza: ni nani hukaa mezani sera ya wakimbizi inapoandikwa? Kwa kawaida ni serikali, Umoja wa Mataifa na nchi wahisani. Mkimbizi huletewa uamuzi ukiwa umekwisha kupigwa muhuri.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Tanzania. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka pori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakazaa na kuzikana hukohuko. Kuanzia mwaka 2007 serikali na Umoja wa Mataifa walifanya jambo la maana: waliwauliza kama wanataka kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Kati ya watu wapatao 218,000, karibu wanne katika kila watano walichagua uraia. Mwaka 2010 maombi ya zaidi ya 162,000 yalikubaliwa.

Lakini swali lile lilikuwa nusu. Uraia ulikuja na sharti kwamba makazi yafungwe na raia hao wapya wahamie mikoa mingine. Hapo hapakuwa na mambo mawili ya kuchagua. Mtu aache shamba, nyumba na makaburi ya wazazi, ndipo apewe cheti! Mwaka 2011 uhamishaji ulisimamishwa, na watu wakabaki hewani: wameambiwa ni raia, lakini mkononi hawana karatasi. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014, na sharti la kuhama likaachwa. Naamini kikao kimoja cha kweli na wazee wa Katumba kingeokoa miaka hiyo.

Wapo wanaosema nchi ni yetu, mgeni hapangi. Sawa, lakini kuulizwa si kupanga. Serikali inabaki na kalamu yake.

Jirani zetu Uganda walijaribu njia nyingine. Mwaka 2018 liliundwa baraza la wawakilishi wa wakimbizi kutoka makazi mbalimbali, na baadhi yao wakapewa viti katika kamati ya kitaifa iliyosimamia mpango wa wakimbizi. Hata hivyo, kiti peke yake hakisemi. Mjumbe akipewa rasimu ya Kiingereza asubuhi ya kikao, atapiga makofi tu. Ampelekee nani maswali wakati huo? Apewe mapema, kwa lugha anayoielewa, pamoja na nauli na siku za kurudi kuwauliza wenzake.