Kweli na uongo kuhusu pikipiki, matope na mito ya mchanga Ukambani

Mkulima wa Kitui na Makueni huzitegemea mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei. Mvua hizohizo ndizo zinazomtia mwanaboda majaribuni. Vumbi la miezi mingi hugeuka tope kwa usiku mmoja, na mito iliyokuwa njia ya mbuzi na punda huanza kuteremsha maji. Pikipiki nayo haibadiliki: ni Boxer au TVS ileile, tairi la 2.75 mbele na 3.00 nyuma, na mgongoni mama mjamzito, mwanafunzi anayewahi mtihani wa KCSE au gunia la ndengu. Kila steji kutoka Wote hadi Mwingi ina mashauri ya bure kuhusu namna ya kupita. Mengi ni ya kweli na machache yanaua, lakini yote husemwa kwa uhakika uleule. Haya ndiyo yanayosikika zaidi.

“Pigilia skrubu kwenye tairi kama wanavyofanya Ulaya, hutateleza tena.”

Uongo. Ni kweli kwamba Finland na Sweden kuna watu wanaoendesha pikipiki ndogo wakati wa theluji kwa tairi zenye vichwa vidogo vya chuma. Kwenye mashindano ya barafu, misumari ya tairi hufika karibu sentimita tatu. Chuma hicho hushika kwa sababu barafu ni ngumu: ncha huitoboa, ikajikita, na gurudumu likapata pa kujisukumia. Tope letu halina ugumu huo. Msumari huingia na kutoka bila kukamata kitu.

Hasara hazikosekani pia. Ukifika kwenye lami au kwenye saruji ya drifti, unasimama juu ya vichwa vya chuma badala ya mpira, na chuma juu ya saruji yenye maji huteleza vibaya. Tena tairi zetu nyingi zina tyubu ndani. Skrubu inayopenya mpira huisugua tyubu hiyo kila gurudumu linapozunguka, na pancha hukungoja mahali ambapo hakuna fundi.

“Tairi la meno hushika kila mahali.”

Kwenye kokoto, mchanga na tope jekundu la milima ya Mbooni na Kilungu, meno husaidia kweli, na mwenye tairi kipara kule anajitafutia kuanguka. Kwenye lami yenye maji mambo hugeuka. Tairi la meno makubwa hugusa lami kwa sehemu ndogo ya mpira, hivyo kwenye kona hushika kidogo kuliko tairi la kawaida lenye mifereji mizuri. Anayeshinda kwenye lami ya Kibwezi, Mutomo na Kitui na kuingia matopeni mara mojamoja anafaa zaidi kuvaa tairi la katikati, lenye vipande vya wastani vilivyokaribiana.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mabondeni, hauna tairi. Hatua chache tu na meno yote yamejaa, gurudumu limekuwa duara laini la tope. Mbaya zaidi ni madigadi ya mbele. Tope hupanda na tairi, likajibana kati ya mpira na madigadi, likashindiliwa kila mzunguko, mpaka gurudumu la mbele likome kabisa wakati lile la nyuma bado linasukuma. Hapo pikipiki huanguka bila onyo. Ndiyo maana utawaona waendeshaji wa mabonde hayo wakisimama kila baada ya mwendo mfupi na kijiti mkononi, wamechuchumaa, wakichokonoa tope chini ya madigadi kipande kwa kipande. Mgeni hudhani wanapoteza muda, kumbe hao ndio watakaofika. Wengine huipandisha madigadi ya mbele juu zaidi msimu wa mvua unapoanza. Ni kazi ndogo kwa fundi, nami naona inafaa kuliko tairi lolote la bei.

“Funga kamba au mnyororo kwenye gurudumu la nyuma.”

Kweli, kwa masharti magumu. Kamba ya katani ikizungushwa kwenye tairi na kupitishwa katikati ya spoki hufanya kazi ambayo skrubu haiwezi: huweka vizuizi vinene vinavyolisukuma tope kama makasia. Inafaa kwa kilima kimoja kibaya, kwa mwendo wa kutembea, na kwa gurudumu la nyuma pekee. Kabla ya kupanda, zungusha gurudumu kwa mkono uone kama kamba inagusa mnyororo au madigadi. Ikifumuka ukiwa mwendoni, itajizungusha kwenye sproketi na kulifunga gurudumu. Ukifika kwenye ardhi ngumu, ifungue hapohapo, hata kama mteja ananung’unika.

“Punguza upepo ukiingia mchangani.”

Kweli. Tairi lenye upepo kidogo hulala chini, likagusa mchanga kwa urefu zaidi na kuzama kidogo. Pikipiki nyingi za aina hii hupendekezewa takriban psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria. Kupunguza kidogo huleta tofauti unayoihisi mikononi.

Wengi husahau kurudisha. Tairi laini lenye mzigo juu yake, kwenye lami na jua la Kibwezi, hupata joto na kuchakaa pembeni. Lingine ni kwamba upepo ukiwa mdogo mno, tairi huteleza juu ya rimu na kuivuta tyubu, nayo tyubu hung’oka penye valvu. Tundu la hapo halizibwi kwa kiraka. Usipokuwa na pampu chini ya kiti, uache upepo ulivyo.

“Mchangani nenda polepole kabisa.”

Uongo, na huu ndio unaowaangusha wageni wanaovuka Tiva au Thua wakati wa kiangazi. Gurudumu la mbele linalokwenda polepole mno huzama na kuanza kulima mchanga, na usukani hujikunja wenyewe. Anayejua huingia kwa gia ya pili, mwendo wa wastani usiobadilika, uzito wake nyuma kidogo, macho ng’ambo, mikono imelegea. Hafungi breki katikati. Pikipiki ikiyumba anaongeza mafuta kidogo, jambo ambalo moyo hulikataa mpaka ulizoee.

Macho yana kazi nyingine. Mito yetu ya mchanga ndiyo visima vyetu. Watu huchimba mashimo mtoni kutafuta maji, wakayazungushia matawi ya miiba ili mifugo isiyachafue. Mto ukija huyajaza mashimo hayo kwa mchanga mlegevu, na juu pote panaonekana sawa. Gurudumu likiingia hapo huzama ghafla. Ni vivyo hivyo kwa mashimo yanayoachwa na malori ya mchanga. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 kwa ajili ya maji ya wananchi, lakini nina hakika mwanaboda anayevuka mto usiochimbwachimbwa naye hufaidika. Fuata alama za magurudumu ya leo. Za juzi hazikuhusu.

“Mzigo mzito nyuma hulifanya tairi lishike.”

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ina hatari. Uzito nyuma hulisaidia gurudumu linalosukuma, lakini hulinyanyua lile linaloongoza. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 za maji, tena maji yanayochezacheza yasipojaa. Ifunge nyuma ya ekseli ya gurudumu na usukani utakuwa mwepesi mkononi, pikipiki ikienda inakotaka yenyewe. Msimu wa maembe Makueni huangukia kwenye mvua, na kreti zilizopangwa hadi juu ya kichwa cha mwendeshaji ni jambo la kila siku. Zishushe chini, zisogeze mbele, nenda safari mbili.

“Kwenye utelezi usiguse breki ya mbele.”

Kwenye tope na mchanga, ndiyo, usiiguse, au iguse kwa kidole kimoja tu. Kwenye lami yenye maji ni uongo. Pikipiki inapopunguza mwendo uzito hukimbilia mbele, kwa hiyo breki ya mbele bado ndiyo inayofanya kazi kubwa, ikibanwa taratibu. Anayetegemea ya nyuma peke yake hulifunga gurudumu na kuteleza upande. Jihadhari zaidi na mvua ya kwanza baada ya kiangazi: vumbi na oili iliyomwagika kwa miezi hupanda juu ya maji, na lami huteleza kuliko itakavyoteleza mvua ya wiki nzima.

“Kofia ni ya lami, matopeni unaanguka polepole.”

Uongo. Jiwe la mtoni halijali mwendo wako. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti nyingi, ulikadiria kwamba kofia ya pikipiki hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia ya abiria nayo ivaliwe. Haikununuliwa ipambe usukani.

“Huku hakujanyesha, mto hauwezi kuja.”

Huu ndio uongo mbaya kuliko wote. Mito yetu haiji kwa mvua ya mahali ulipo. Kaiti na Thwake hupokea maji kutoka milima ya Kilungu na Mbooni, na mvua inayopiga huko alasiri huweza kumkuta mtu chini akivuka mchanga mkavu, jua likiwaka. Ardhi iliyokauka na kushikana hainywi maji upesi. Hutiririka juujuu, yakaingia makorongoni, makorongo yakamwaga mtoni kwa pamoja. Maji ya mbele huja na vijiti, majani na povu, na nyuma yake kina huongezeka kwa dakika.

Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na wenzao kwenda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, upande wa Mwingi, maji yakiwa yamefunika njia. Zaidi ya watu 30 walikufa. Lile lilikuwa basi, lenye uzito wa tani nyingi na magurudumu mapana. Sijui ni hoja gani inayoweza kumshawishi mwenye pikipiki kama hiyo haimshawishi.

Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 huchukua magari mengi. Ekseli ya pikipiki zetu iko kama sentimita 30 kutoka chini, hivyo maji yakigusa katikati ya gurudumu tayari ni maradufu ya yale yanayoweza kukuangusha ukiwa kwa miguu. Hapo meno hayana kazi, upepo hauna kazi, kamba haina kazi. Saruji ya drifti chini ya maji huwa na utelezi wa mwani, na mara nyingi mto umeshakula udongo wa upande wa chini, ukaacha shimo usiloliona kwa sababu maji ni ya rangi ya udongo.

Usiamini pia kwamba lori likivuka nawe utavuka. Lori limevuka kwa uzito wake, na pengine limeondoka na kipande cha ukingo kilichokuwa kimebaki. Maji nayo hayakusimama kukusubiri tangu lilipopita.

Mito mingi midogo hupungua baada ya saa chache. Saa hizo ni ndefu sana ukiwa na mgonjwa nyuma, au mtahiniwa anayelia kwamba karatasi inaanza saa mbili asubuhi. Nawaomba abiria: msimsukume kijana huyu. Mkimwambia “wewe ni mwoga” ukingoni mwa Enziu au Thwake, mnamlazimisha kuchagua kati ya heshima yake na maisha yenu wawili. Nanyi wa steji, mna simu. Mwenzenu aliye juu ya mto anajua mvua imenyesha kabla maji hayajawafikia, na kumpigia ni shilingi chache. Mtahiniwa aondoke nyumbani mapema au alale ng’ambo. Mama aliyekaribia kujifungua apelekwe karibu na hospitali mvua zikianza, uchungu usimkute upande usiofaa wa mto.

“Injini ikizima majini, piga kiki haraka.”

Uongo unaogharimu injini nzima. Maji yakiwa yameingia kupitia chujio la hewa, yako juu ya pistoni, na maji hayabanwi. Kiki ya nguvu au stata huweza kupinda mkono wa pistoni. Isukume pikipiki hadi pakavu kwanza. Fungua plagi, kisha piga kiki taratibu mpaka maji yaishe kutoka kwenye tundu lake. Mwaga maji ya kabureta kwa ile skrubu ya chini, kausha au badilisha chujio la hewa, halafu angalia oili. Ikiwa imegeuka nyeupe-nyeupe imeingiwa na maji, na inapaswa kumwagwa yote kabla hujaiwasha. Breki za drum nazo huwa zimelowa: zibane kidogokidogo ukiwa unatembea polepole mpaka zishike tena, ndipo umwite abiria apande.