Usiihukumu Kabureta kwa Kosa la Tangi

Kila majira ya baridi, jangwa linalouzunguka mji mdogo wa Quartzsite, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, hujaa magari-nyumba: mabasi na malori yenye vitanda, jiko, friji na choo ndani yake. Wengi wa wenye magari hayo ni wastaafu wanaoikimbia theluji ya kaskazini. Jangwani wanakoegesha hakuna nguzo ya umeme. Paneli za sola hutosha taa na chaji ya simu, lakini kiyoyozi huhitaji jenereta, na jenereta hiyo imefungwa ubavuni mwa gari, ndani ya kisanduku cha chuma ambacho mkono hauingii kwa urahisi. Inapogoma kuwaka, au inapowaka na kukata baada ya dakika chache, hukumu hutolewa upesi: kabureta imeziba, ifunguliwe au inunuliwe nyingine. Mara nyingine hukumu hiyo ni sahihi. Ubaya wake ni kwamba hutangulia ushahidi. Kabureta ni kituo cha mwisho katika safari ya petroli, na anayeanzia hapo ameruka tangi, mipira, chujio na pampu, ambavyo kila kimoja kinaweza kuinyima injini mafuta kwa dalili zilezile.

Chukua tangi. Jenereta ya gari-nyumba la petroli kwa kawaida haina tangi lake; hunyonya kutoka tangi la gari. Watengenezaji waliona hatari iliyopo: mtu akilala na kiyoyozi usiku kucha nyikani, asubuhi atatokaje? Kwa hiyo bomba la jenereta ndani ya tangi likafanywa fupi kuliko lile la injini ya gari. Petroli ikishuka hadi karibu robo, ncha ya bomba hilo hubaki hewani, jenereta hukata, na dereva hubaki na mafuta ya kumfikisha kituoni. Ni ubunifu wa busara, na inasikitisha kwamba wanunuzi wengi hawaelezwi habari zake. Gari likiegeshwa kwenye mteremko, mafuta hukimbilia upande mmoja, na bomba linaweza kukauka hata geji ikionyesha zaidi ya robo. Atakayefungua kabureta siku hiyo ataikuta safi, ataifunga, na jenereta itagoma vilevile, wakati dawa ilikuwa kuongeza mafuta.

Njia ya haki ni kuigawa safari ya petroli na kupima kipande kwa kipande. Kwanza iondolewe shaka kama kweli tatizo ni mafuta. Injini ikiwa imepoa, chujio la hewa hutolewa, dawa ya kopo ya kusafishia kabureta hupulizwa kidogo tu kwenye mdomo wa kuvutia hewa, mtu anasogea kando, kisha stata inapigwa. Injini ikishika sekunde mbili tatu na kufa, cheche ipo na mgandamizo upo. Kinachokosekana ni petroli. Isiposhika kabisa, msako uhamie kwenye plagi na waya zake. Jaribio la pili ndilo lenye thamani kubwa zaidi: mpira unaoleta mafuta kwenye jenereta hung'olewa, na mahali pake huunganishwa mpira mfupi kutoka kwenye kidumu cha petroli mpya. Jenereta ikinguruma vizuri kwa kidumu na kugoma kwa tangi, pampu na kabureta hazina hatia. Kosa liko nyuma yake, na mara nyingi liko kwenye mpira. Mpira uliochakaa unaweza usidondoshe hata tone, kwa kuwa hapo pampu inavuta, haisukumi. Ufa wake huingiza hewa, kama mrija uliopasuka kwenye dafu: mnywaji anavuta kwa nguvu na kupata povu. Kwa sababu hiyo kuukagua kwa macho hakutoshi, hasa sehemu inayopita juu ya tangi, ambako hakuna anayechungulia.

Jenereta ikigoma hata kwa kidumu, mafuta yatokayo kwenye pampu yaelekezwe kwenye chombo. Katika modeli nyingi za Onan, jina lililoanzia Minneapolis mwaka 1920 na lililoenea sana kwenye magari haya, kushikilia swichi upande wa kuzima huendesha pampu bila kuzungusha injini. Mkondo ukiwa imara, sasa kabureta inashtakiwa kwa haki. Yakitoka matone, chujio libadilishwe kabla pampu haijalaumiwa. Haya yote yafanyike mahali peupe, mbali na moto, jiko la gesi ndani ya gari likiwa limezimwa; mvuke wa petroli hutambaa chini na kuufuata moto ulipo.

Yapo mabishano mawili yanayostahili jibu. La kwanza ni la mafundi wenye uzoefu: kabureta ndiyo huziba mara nyingi, kwa nini kupoteza muda kupima? Kweli huziba. Petroli iliyokaa miezi kwenye bakuli la kabureta huachia sehemu zake nyepesi zipotee hewani, na kinachobaki hugeuka utando unaonata kwenye jeti yenye tundu dogo mno. Jenereta inayopandisha na kushusha sauti bila mzigo, kisha ikatulia choki ikifungwa kidogo, inaonyesha kuwa mafuta hayatoshi kwa hewa inayoingia, na jeti ni mtuhumiwa mkuu. Lakini uwingi wa kesi hauthibitishi kesi iliyo mbele yako. Isitoshe, kabureta mpya iliyofungwa kwenye mpira unaomomonyoka ndani itapokea takataka zilezile zilizoiua ya zamani, na mwenye gari atalipa mara mbili.

La pili huilaumu ethanoli, ambayo imo hadi asilimia 10 katika sehemu kubwa ya petroli ya Marekani. Ni kweli huvuta maji, na maji yakizidi hujitenga na petroli pamoja na ethanoli hiyo na kutuama chini ya tangi. Hata hivyo petroli isiyo na ethanoli nayo huoza ikiachwa, kwa hiyo kisa kikubwa ni jenereta kukaa bila kazi. Kampuni ya Cummins, yenye Onan, hushauri jenereta iendeshwe walau saa 2 kila mwezi ikiwa na mzigo wa takriban nusu. Wengine huuona ushauri huo kuwa ni kuunguza fedha. Jenereta ya kilowati 4 kwa mzigo huo hunywa lita 2 hivi kwa saa, yaani lita 4 kwa mwezi. Ukizilinganisha na bei ya kabureta na malipo ya fundi, hesabu haihitaji mjadala. Mzigo nao una sababu yake: jenereta inayozunguka bure haipati joto la kutosha kukausha unyevu uliojikusanya ndani.

Mwenye duka Dar es Salaam au Mombasa aliyeweka jenereta ndogo ya petroli kibarazani hana bomba fupi la kumhangaisha, kwa sababu tangi lake liko juu ya injini na mara nyingi petroli hushuka kwa uzito wake bila pampu. Kanuni ya kupima inabaki, ila mtuhumiwa wa kwanza ni mwingine. Mfuniko wa tangi una kitundu cha kuingizia hewa. Kikiziba kwa vumbi, tangi hujifunga, petroli huacha kushuka, na jenereta hukata baada ya dakika kumi au ishirini, kisha huwaka tena ikipumzishwa kidogo. Legeza mfuniko wakati inaanza kusita. Ikirudi kwenye mlio wake, zima, acha ipoe, zibua kitundu hicho kwa sindano, halafu angalia na kikombe cha takataka chini ya koki kabla ya kuiwasha tena.