Elimu ya Volkano na Utumishi wa Kujitolea

Mlima Santiaguito nchini Guatemala umekuwa ukitoa lava na majivu tangu mwaka 1922. Hatari yake haikomei kwenye moto. Majira ya mvua, maji huzoa majivu na mawe miteremkoni yakawa tope zito, ambalo hufuata mito na kufukia mashamba na makazi. Katika miaka ya 1980 mji wa El Palmar ulihamwa kwa sababu hiyo.

Mitambo huweza kutambua tope linapoteremka. Lakini onyo halifai kitu iwapo wakulima hawalielewi au hawamwamini anayelitoa. Kwa hiyo chuo kikuu cha Michigan Tech, Marekani, kiliunganisha shahada ya pili ya kupunguza maafa ya kijiolojia na utumishi wa Peace Corps, shirika la kujitolea lililoanzishwa mwaka 1961. Mwanafunzi alisoma kwanza chuoni, kisha akaenda ng'ambo kwa miezi 27. Mitatu ya mwanzo ilikuwa ya kujifunza lugha, mila na kazi. Baadhi walipelekwa Amerika ya Kati.

Peace Corps ilikomesha ushirikiano wa namna hiyo na vyuo mwaka 2016. Hata hivyo, haja iliyouzaa ingalipo: anayepima mlima sharti awajue pia wakaao chini yake.