Lifti hadi Addis Ababa: Marafiki waafikiane kabla ya Moyale

MARAFIKI wawili wanaoazimia kusafiri kwa lifti kutoka Nairobi hadi Addis Ababa huanza kwa kuhesabu kilomita. Ni zaidi ya 1,500, na Moyale iko karibu katikati. Hata hivyo, kinachowatatiza wengi si umbali bali ni mpaka, kwani hapo ndipo lifti hukatika na ndipo wawili huweza kutenganishwa.

Zamani njia hii iliogofya. Kutoka Isiolo ilikuwa ni vumbi na mawe kwa kilomita 500 hivi, malori yakienda kwa misafara chini ya ulinzi wa polisi, abiria wakining'inia kwenye vyuma juu ya ng'ombe kwa siku mbili au tatu. Lami ilikamilika katika muongo wa 2010, na sasa mtu huweza kutoka Nairobi na kufika Moyale kwa siku moja. Mabasi yapo. Anayeomba lifti leo anabana pesa, au anapenda tu, na dereva analifahamu hilo.

Dereva anafahamu jingine pia. Barabara hiyo hutumiwa na walanguzi wanaowasafirisha raia wa Ethiopia kuelekea Afrika Kusini. Ndiyo maana polisi huyakagua magari, hasa yatokayo kaskazini, na anayepatikana amebeba watu wasio na stakabadhi hushukiwa papo hapo. Wanaowalaumu madereva kwa roho ngumu hawawatendei haki. Msafiri anayeonyesha pasipoti yake kabla ya kuulizwa huwa amempunguzia mwenzake hofu.

Lori likifika mpakani husubiri shehena ikaguliwe, na si ajabu likalala hapo. Wasafiri hushuka, wakavuka kwa miguu na kutafuta gari jingine. Mkenya hahitaji viza kuingia Ethiopia, lakini kitambulisho kinachomwezesha kuingia Uganda au Rwanda hakimfai hapa. Sharti awe na pasipoti. Kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji kilizinduliwa Desemba 2020. Lakini mji wenyewe umekatwa na mpaka, wenyeji wakienda sokoni ng'ambo na kurudi, na ni rahisi mgeni kuwafuata bila kugongewa muhuri. Tatizo humngoja siku ya kurudi.

Mambo haya ndiyo yanayofaa kuzungumzwa nyumbani. Kosa la kawaida ni mmoja kufanywa mweka hazina, akabeba pesa zote na hata pasipoti ya mwenziwe. Afisa akimzuia huyo, yule mwingine hubaki mikono mitupu katika nchi ya kigeni. Kila mmoja abebe pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na fedha zake. Aidha, waamue mapema: lori likiwa na nafasi moja tu, je, mmoja atangulie? Kaskazini mwa Isiolo jibu la busara ni la. Na wakitengana, wawe na mahali walipopanga kukutana, na saa, kwa maana simu haitegemewi.

Kuhusu saa, Mswahili ana bahati. Waethiopia nao huhesabu kuanzia macheo, hivyo saa tatu asubuhi ya Nairobi ni saa tatu Addis Ababa. Kalenda yao ndiyo tofauti: ina miezi 13 na iko nyuma kwa miaka saba au minane, jambo linaloweza kumshangaza anayesoma tarehe kwenye tiketi. Isitoshe, magari huko huendeshwa upande wa kulia, kwa hivyo anayeomba lifti asimame upande huo.

Mbele ya Yabelo barabara hupita maeneo ya Guji, ambako majeshi ya serikali na waasi wa Oromo wamepigana kwa miaka kadhaa. Safari iwe ya mchana. Wenyeji wa Yabelo wakisema njia si salama, safari ikomee hapo, na nauli ya basi ya kurudi iwe imetengwa tangu Nairobi, ya kila mmoja mfukoni mwake.